Jina Lake Limeandikwa Wapi?



Tumo katika mwezi wa Novemba, mwezi ambao Mama Kanisa anatualika kuwakumbuka na kuwaombea marehemu wetu. Ndiyo maana leo napenda kusema nanyi juu ya majina ya wale waliotutangulia. Nami nitaanza na majina matatu ambayo kwa kweli ni jina moja.

Palikuwa na padre mmoja mzee, mmisionari, mzaliwa wa Marekani, aliyefanya kazi katika nchi yetu kwa zaidi ya miaka arobaini. Sasa amekwisha kulala katika Bwana, naye amezikwa huku huku kwetu. Jioni moja nilipokwenda kumjulia hali, nilimkuta ameketi mezani, miwani usoni, na mbele yake karatasi tatu. Zilikuwa nakala za orodha za abiria wa meli za zamani, zilizoandikwa kwa mkono katika karne ya kumi na tisa, herufi zimelala na wino umefifia. Katika kila karatasi alikuwa amepiga mstari wa penseli chini ya jina moja. Niliposogea nikaona kwamba jina ni lile lile katika karatasi zote tatu: mwanamke, mtu wa Ayalandi, umri wake miaka kumi na minane, au kumi na tisa, au ishirini, kazi yake, mtumishi. Meli zilikuwa mbalimbali, na miaka ya kufika ilipishana kidogo tu.

Akaniambia, "Padre, mmoja wa wanawake hawa ni mama wa babu yangu. Asingalipanda meli ile, mimi nisingalizaliwa, wala nisingalifika hapa kuwabatiza watoto wenu. Lakini sijui ni yupi."

Nilikuwa kijana bado, nikamjibu kwa wepesi, "Baba, si uchague mmoja? Wote wamekwisha kufa." Akanitazama kwa muda, kisha akasema, "Ndiyo sababu hasa siwezi kuchagua. Wamekufa, hawawezi kunikatalia."

Wapendwa, neno lile halijaniondoka hata leo. Ningependa tulitafakari pamoja.

Labda mtu atauliza: watu hao wa Ayalandi walikuwa wakikimbia nini? Mwaka 1845 ugonjwa wa kuoza uliingia katika mashamba ya viazi ya nchi ile. Maskini wa mashambani, ambao walipanga vipande vidogo vya ardhi kwa wenye mashamba makubwa, walitegemea viazi karibu kwa kila mlo. Viazi vikaoza, na mwaka uliofuata vikaoza tena. Njaa ikaishika nchi mpaka kufikia mwaka 1852. Watu wapatao milioni 1 walikufa kwa njaa na kwa maradhi yanayoandamana na njaa, na wengine zaidi ya milioni 1 wakaihama nchi. Na katika miaka hiyo hiyo nafaka na mifugo viliendelea kupakiwa katika bandari za nchi yao, vikapelekwa kuuzwa Uingereza.

Walisafiri chini ya sitaha, wamebanana, penye hewa nzito na maji haba. Wengi walipanda wakiwa wamekwisha kudhoofika, na homa ikawamaliza baharini. Katika kisiwa cha Grosse Île, nchini Kanada, palipokuwa na kituo cha karantini, walizikwa zaidi ya watu 5,000 katika mwaka mmoja tu wa 1847. Wazia mama aliyefika bandarini na watoto wawili, ilhali alipanda meli na watoto wanne. Wale wawili wengine majina yao yalibaki wapi?

Sasa, sheria ya Marekani iliyotungwa mwaka 1819 ilimtaka kila nahodha afikaye kutoka nchi za ng'ambo amkabidhi ofisa wa forodha orodha ya abiria wake. Kwa hiyo tangu mwaka 1820 tunazo orodha zinazotaja jina la msafiri, umri, jinsi, kazi, nchi alikotoka na nchi anakokusudia kukaa. Na waliokufa njiani nao iliwapasa kutajwa. Tazameni jinsi mambo yalivyo: karatasi iliyotakiwa na serikali kwa ajili ya kuhesabu watu imekuwa, baada ya miaka mia moja na hamsini, barua ambayo mjukuu, na kitukuu, na kilembwe huisoma huku machozi yakimlengalenga.

Lakini barua hiyo ni fupi mno. Mara nyingi mahali pa kuandika alikotoka msafiri pameandikwa neno moja tu: Ayalandi. Si wilaya, si parokia, si kijiji. Ni kana kwamba mtu angekuuliza kwenu ni wapi, kisha akaandika "Afrika" na kufunga daftari. Tena karani aliandika alivyosikia. Wengi wa wasafiri wale hawakujua kusoma wala kuandika, na wengine lugha yao ya nyumbani ilikuwa Kiayalandi, si Kiingereza. Jina likatamkwa kwa lafudhi ya kijijini, likapokewa na sikio la mgeni, likaandikwa kwa haraka. Mmoja akaitwa O'Sullivan, ndugu yake akaitwa Sullivan. Umri nao ulikadiriwa. Na kwa kuwa ilikuwa desturi yao, kama ilivyo kwa makabila mengi ya kwetu, kumpa mtoto jina la babu au la bibi, katika parokia moja utawakuta binamu watano wenye jina moja na umri unaolingana. Ndivyo ilivyomtokea padre wetu: jina alilokuwa akilitafuta lilikuwa kama punje ya mtama ghalani.

Wako wasemao kwamba majina yale yaliharibiwa na maofisa wa kisiwa cha Ellis, kule New York. Si kweli. Orodha ziliandikwa na watu wa kampuni ya meli kabla ya safari, na maofisa wa kisiwani walifanya kazi ya kulinganisha tu abiria na orodha waliyoletewa. Tena kisiwa hicho hakikupokea mhamiaji hata mmoja kabla ya tarehe 1 Januari 1892. Kizazi cha ile njaa kubwa kilikuwa kimekwisha kuingia miaka mingi nyuma. Nawaambieni haya kwa sababu tunapokosa kumpata mtu, huwa tunapenda kumtafuta wa kumlaumu.

Moto nao ulifanya kazi yake. Majengo ya mbao ya kisiwa cha Ellis yaliungua mwezi wa Juni mwaka 1897, na daftari nyingi za wahamiaji zikateketea. Kwa bahati njema zile orodha za forodha zilikuwa zimewekwa mahali pengine. Na kule Ayalandi kwenyewe, mwezi wa Juni mwaka 1922, mwanzoni mwa vita vya wenyewe kwa wenyewe, nyumba ya hifadhi ya kumbukumbu za taifa mjini Dublin iliteketea. Sehemu kubwa ya hesabu za watu za miaka ya 1821, 1831, 1841 na 1851 iligeuka majivu. Siku moja ya vita ya ndugu kwa ndugu iliwafutia majina mamilioni ya watu waliokwisha kufa, watu ambao hawakuwa na ugomvi na mtu.

Basi ni nini kilichosalia? Hapa, wapendwa, nawaomba makatibu wa parokia na makatekista mtege sikio. Vilivyosalia ni vitabu vya ubatizo na vya ndoa vya parokia za Kikatoliki, kwa sababu havikuwa Dublin. Vilikuwa kwa maparoko, makabatini na masandukuni, kila kimoja katika parokia yake. Kuhani wa kijijini, pengine yeye mwenyewe akiwa na njaa, aliandika jina la mtoto, mara nyingi kwa Kilatini, hata Bridget akawa Brigida, na James akawa Jacobus. Akaandika jina la baba, jina la mama pamoja na ukoo wake aliozaliwa, na majina ya wasimamizi wa ubatizo. Mwaka 2015 Maktaba ya Taifa ya Ayalandi iliweka picha za kurasa za vitabu hivyo katika intaneti, na yeyote anaweza kuvisoma bila malipo. Mstari mmoja uliohifadhiwa na paroko asiyejulikana ndio unaomrudisha leo kitukuu kwenye kilima alikozaliwa mama wa babu yake.

Lakini ili kuufikia mstari huo ni lazima kwanza kulijua jina la parokia, na orodha ya meli haikulitaja. Hapo mtafutaji huanza safari ya subira. Husoma hati za ndoa za kanisa lile la ng'ambo ambako babu zake walifungia ndoa, husoma maandishi juu ya makaburi, hupekua magazeti. Gazeti la Kikatoliki la mji wa Boston, liitwalo The Pilot, kuanzia mwaka 1831 hadi 1921 lilichapisha matangazo ya watu wa Ayalandi waliopotezana. Dada anamtafuta kaka. Mke anamtafuta mume aliyetangulia kutafuta kazi akanyamaza. Mama anamtafuta mwana. Katika matangazo hayo walitaja vile ambavyo serikali haikuvitaja: parokia alikozaliwa, meli aliyopanda, mji alikoonekana mara ya mwisho. Angalieni tofauti ya maandishi haya mawili. Orodha ya nahodha iliandikwa na mtu aliyetaka kumaliza kazi. Tangazo liliandikwa na mtu aliyetaka kumwona nduguye. Ndiyo sababu tangazo lilikumbuka mengi. Upendo ndio unaokumbuka mengi.

Sasa nawaleta kwenye kisa ambacho padre mzee yule alinisimulia, nacho ni cha kweli na kimeandikwa. Siku ile ya kwanza kisiwa cha Ellis kilipofunguliwa, tarehe 1 Januari 1892, mtu wa kwanza kuandikishwa alikuwa msichana wa Ayalandi, Annie Moore, mwenye umri wa miaka 17. Alikuwa amefika kwa meli iitwayo Nevada kutoka bandari ya Queenstown, ambayo leo huitwa Cobh, akiwa pamoja na wadogo zake wawili, Anthony na Philip. Wazazi wao walikuwa wametangulia New York miaka michache kabla. Maofisa wakampa sarafu ya dhahabu ya dola 10, magazeti yakaandika habari zake. Kisha Annie akatoweka machoni pa watu, kama watowekavyo maskini baada ya sherehe.

Miaka mingi baadaye watu wakataka kujua mwisho wake. Akapatikana Annie Moore mmoja aliyekwenda magharibi, hata jimbo la Texas, naye alikufa kwa kugongwa na tramu. Kisa chake kilivutia: msichana ashukaye melini, avukaye bara zima, atafutaye maisha katika nchi mpana. Kikasimuliwa, kikaandikwa, na wazao wake wakaalikwa katika sherehe za heshima. Wala hawakudanganya, wao wenyewe waliamini hivyo kwa moyo mweupe. Mwaka 1993 sanamu za Annie zilisimamishwa, moja huko Cobh na nyingine katika kisiwa cha Ellis.

Kisha mtafiti wa nasaba, Megan Smolenyak, akazitazama hati kwa makini, akaona kwamba mwanamke yule wa Texas hakuwa amevuka bahari hata kidogo. Alizaliwa Marekani kwenyewe, katika jimbo la Illinois. Jina lilikuwa lile lile, lakini mtu hakuwa yule. Akaanza kumtafuta aliye wa kweli, na mwaka 2006, kwa msaada wa watunza kumbukumbu wa jiji la New York na wa hati ya uraia ya Philip, yule mdogo wake, akapatikana.

Na Annie wa kweli alikuwa wapi? Hakwenda popote. Maisha yake yote aliishi katika mitaa ile ile ya maskini huko New York, si mbali na mahali aliposhukia. Aliolewa na mwana wa wahamiaji wa Kijerumani, akazaa watoto wasiopungua 11, na zaidi ya nusu yao akawazika kabla hawajawa watu wazima. Alifariki mwaka 1924, akiwa na umri wa miaka 50. Alizikwa katika makaburi ya Calvary, katika kaburi lisilokuwa na jiwe wala jina. Wakati yule mwingine akisifiwa na sanamu zikisimamishwa, yeye mwenyewe alikuwa amelala chini ya majani, na wapita njia hawakujua. Mwaka 2008 ndipo aliposimikwa msalaba wa mawe uliochongwa kwa mtindo wa Ayalandi, na jina lake likaandikwa juu ya kaburi lake.

Ndugu wapendwa, kwa nini kosa lile lilidumu miaka mingi hivyo? Nadhani ni kwa sababu lilipendeza. Tulitaka Annie awe mtu wa safari ndefu na nchi mpana. Hatukutaka awe mama wa chumba kimoja aliyezika watoto. Hapa ndipo ninapotaka tusimame. Kumtafuta babu ni tendo la upendo. Lakini kujichagulia babu ni tendo la kiburi. Anayejichagulia babu hamheshimu marehemu, bali hujitafutia kioo cha kujitazamia.

Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Tena walisema, usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Lakini asili tusiyotakiwa kuiacha ni ile ya kweli, si ile tuliyoipamba. Tazameni Injili Takatifu. Mwinjili Mathayo anapoanza kutuandikia habari za Bwana wetu, anaanza na orodha ya majina. Wengi wetu, nikiwamo mimi, tumewahi kuisikia ikisomwa tukapiga miayo. Lakini sikilizeni ni akina nani waliomo. Yumo Tamari, ambaye habari zake jamaa wangetamani kuzizika. Yumo Rahabu, mwanamke wa Yeriko ambaye sifa yake haikuwa njema. Yumo Ruthu, mgeni, Mmoabu, mjane aliyefika akiokota masazo ya shayiri. Yumo mke wa Uria, ambaye Mwinjili anamtaja hivyo makusudi ili dhambi ya mfalme Daudi isisahaulike. Wafalme waliomwaga damu wamo. Mathayo hakumpamba Mwana wa Mungu kwa babu wa kuazima. Kwa damu hiyo hiyo, ya wageni na ya wenye kuaibika, Mungu alijitwalia mwili.

Tena katika vitabu vya Ezra na Nehemia tunasoma habari za watu waliorudi kutoka uhamishoni Babeli. Wako waliodai kuwa wa ukoo wa makuhani, wakatafuta majina yao katika orodha za nasaba, yasionekane. Hawakuruhusiwa kujitungia babu. Waliambiwa wangoje, mpaka atakapopatikana kuhani wa kuwaulizia kwa Mungu. Ni neno gumu, lakini ni neno la heri: yako mambo ambayo binadamu hana budi kusema "sijui", na kungoja.

Basi, tufanye nini sisi?

Kwanza, tuandike. Kabla mwaka huu haujaisha, keti na mzee wa kwenu. Umwulize jina la mama yake, na la mama wa mama yake, na mahali walikozaliwa, na kwa nini walihama. Usimkatize anapokosea, sikiliza, andika, kesho umwulize tena. Moto haungoji, wala kifo hakipigi hodi. Nanyi mnaoandika vitabu vya ubatizo, nanyi makarani wa zahanati, wa shule, wa mipakani na wa bandarini, msimwandike mtu kwa haraka kwa sababu mstari wa watu ni mrefu na jua ni kali. Mwulizeni jina lake mara ya pili. Mwulizeni kijiji chake. Huyo aliyesimama mbele yenu na kifurushi chake, mkimbizi au maskini, pengine ana kitukuu ambaye hajazaliwa bado, naye atakuja kuusoma mwandiko wenu.

Pili, tusiwafute watu. Katika koo zetu nyingi yuko mtu asiyetajwa: bibi aliyeletwa utumwani, shangazi aliyezaa kabla ya ndoa, mjomba aliyekufa kwa ugonjwa ambao jamaa waliuonea haya. Watoto wakiuliza, wakubwa hubadilisha mazungumzo. Ndugu zangu, la kuvunda halina ubani. Lakini mtu si la kuvunda. Jina lake lirudishwe mezani. Likitajwa katika sala ya jioni, hakuna atakayepungukiwa kitu, na labda mtoto mmoja aliyekuwa akijiona pekee yake ataelewa kwamba hakuwa wa kwanza kuteseka katika nyumba ile.

Tatu, tuwe na subira na yale tusiyoyajua. Si kila jina litapatikana. Si kila kaburi litapata jiwe. Hapo ndipo imani yetu inapotufariji, maana Bwana Yesu alijiita mchungaji mwema awaitaye kondoo wake kila mmoja kwa jina lake. Naye aliwaambia wanafunzi wake wasifurahie uwezo wao, bali wafurahi kwa kuwa majina yao yameandikwa mbinguni. Huko hakuna karani mwenye haraka. Huko hakuna moto ulao daftari. Waliotupwa baharini usiku, wamefungwa katika kipande cha tanga, huko wanajulikana.

Namalizia kwa kurudi kwa padre wetu mzee. Aliendelea kutafuta kwa miaka kadhaa. Aliandika barua, akajibiwa; mpwa wake kule Marekani akampekulia hati. Hakufanikiwa. Orodha tatu zilibaki tatu. Mwaka wake wa mwisho, nguvu zilipokuwa zimemwishia, nilimsaidia kuandaa Misa ya Marehemu Wote, tarehe 2 Novemba. Waamini walikuwa wamekwisha kuleta karatasi zao zenye majina ya marehemu wa nyumba zao, naye akaniomba niongeze karatasi yake. Nikaifungua ili nihakikishe kwamba mwandiko unasomeka. Alikuwa ameandika jina lile mara tatu, moja chini ya jingine, na pembeni ya kila moja jina la meli.

Nikamwambia, "Baba, lakini wawili kati ya hawa si wa kwenu."

Akatabasamu, akasema, "Wawili hao nao walivuka bahari. Huenda hawana mtu wa kuwaombea. Sasa wanaye."

Jina lile lilisomwa mara tatu altareni, na baadhi ya waamini wakadhani ya kuwa msomaji amekosea. Hakukosea. Mzee yule alimtafuta mmoja kwa haki, hakumnyang'anya mtu babu yake, na alipokosa kumpata aliye wake, akawapokea wote watatu kuwa wake. Alitafuta kwa ukweli, na ukweli ukampanua moyo.

Tuombe. Ee Mungu wa baba zetu na mama zetu, wewe uliyetujua kabla hatujapewa jina, uwapokee wote waliokufa mbali na kwao, baharini na ng'ambo, njiani na kambini, ambao kaburi lao halijulikani. Utupe moyo wa kuwatafuta kwa upendo, ulimi wa kuwataja kwa kweli, na subira ya kungoja mpaka siku ile utakapotukutanisha nao mbele ya uso wako. Raha ya milele uwape, ee Bwana, na mwanga wa milele uwaangazie. Wapumzike kwa amani. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.